Mpira wa Kigaeli Dubai: klabu hizi ni za nani, na mtu wa Mombasa anafuata nini huko?

Swali: Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Mombasa, huu ni mwaka wangu wa pili Dubai. Mwenzangu wa wodini ni Mwairishi, na kila wiki ananisumbua niende naye mazoezini kucheza mpira wa kwao, ule wa kushika kwa mikono na kupiga kwa miguu. Shuleni nilicheza netiboli, nafasi ya WD (wing defence, beki wa pembeni). Nilipotazama video nikaona timu ya New York inacheza kombe la Ireland, nikachanganyikiwa zaidi. Hizi klabu ni za nani hasa? Wanashindania nini? Kuna malipo? Na mimi Mswahili, Mwislamu, nisiyekunywa pombe, nitakaa wapi kwenye kundi hilo?

Jibu: Nenda, dada. Mwenzako hakualiki kwa adabu tu. Kwa ninavyozijua klabu za Ghuba, huenda wanahesabu vichwa na hawafiki. Klabu hizi zimejaa walimu na wauguzi wa mikataba ya miaka miwili mitatu. Juni ikifika shule zinafungwa, joto halichezeki, watu wanapanda ndege kwenda kwao, na wengine hawarudi tena. Septemba kocha anarudi uwanjani, anakuta nusu ya timu yake iko Sydney au imeolewa Galway. Ndiyo maana nikiulizwa hizi klabu ni za nani, jibu langu huwa moja: zilianzishwa na Waairishi, lakini zinaishi kwa yeyote anayekuja mazoezini Jumanne jioni.

Tuanze na mwenye mali. Chama kinaitwa GAA, kifupi cha Gaelic Athletic Association, yaani chama cha michezo ya Kigaeli, ile ya jadi ya Waairishi, na kilizaliwa tarehe 1 Novemba 1884 katika hoteli ya Hayes mjini Thurles, kaunti ya Tipperary, wakati Ireland ikiwa bado chini ya Waingereza. Michael Cusack na wenzake walitaka Waairishi wacheze michezo yao badala ya kuiga ya mtawala: mpira wa miguu wa Kigaeli, na halingi, ule wa kupiga kampira kadogo kwa kigongo cha mti wa ash. Ukaidi huo haukuwa wa maneno tu. Hadi 1971 mwanachama aliyecheza soka, raga, kriketi au hoki, au hata kwenda kutazama, alifukuzwa. Mwaka 1938 rais mzima wa nchi, Douglas Hyde, aliondolewa katika ulezi wa chama kwa sababu alihudhuria mechi ya soka kati ya Ireland na Poland. Mimi huicheka sana habari hii kila nikiona klabu ya Kigaeli ugenini ikiomba kuazimwa uwanja wa raga, maana siku hizi wasipoazimwa na watu wa raga hawana pa kuchezea.

Wanawake walikuwa na njia yao. Kamogi, yaani halingi ya wanawake, ilianza mwanzoni mwa karne ya 20, na mpira wa miguu wa wanawake ukapata chama chake 1974, kwenye hoteli ile ile ya Thurles. Vyama hivyo viwili vimekuwa mbali na GAA kisheria, na sasa kuna mpango wa kuviunganisha vyote vitatu ifikapo 2027. Huku nje hilo halikuhusu sana: klabu ya Dubai au Singapore kwa kawaida ina wanaume na wanawake chini ya jina moja, kamati moja na jezi moja. Na usidhani mchezo wa wanawake ni wa pembeni. Fainali ya 2019 kati ya Dublin na Galway ilijaza watu 56,114 katika Croke Park, uwanja mkuu wa GAA mjini Dublin.

Kuhusu malipo: hakuna. Si wewe, wala si nyota anayecheza fainali ya Ireland mbele ya watu zaidi ya 82,000. Huyo naye Jumatatu anarudi kazini, kufundisha hesabu au kuchunga ng'ombe. Wewe ndiye utakayelipa ada ya mwaka. Ulizia kama ndani yake mna bima ya kuumia, na kama haimo, ujue ya mwajiri wako inalipia majeraha ya michezo au la.

Sasa hili la New York. Nchini Ireland mtu huchezea klabu ya kijiji au mtaa wake, na walio bora huitwa kuchezea kaunti. Kaunti zimegawanywa katika majimbo manne. Waairishi walipohama, walihama na utaratibu huo mzima, kwa hiyo London ikawa kaunti, New York ikawa kaunti, Lancashire na Warwickshire kule Uingereza zikawa kaunti, Scotland yote ikahesabiwa kaunti moja. Jimbo la magharibi, Connacht, lina kaunti tano tu: Galway, Mayo, Roscommon, Sligo na Leitrim. Likazipokea London na New York. Kila mwaka kaunti moja inavuka Atlantiki kwenda kucheza Gaelic Park, Bronx, na nyingine inakwenda Ruislip, magharibi mwa London. Kwa hiyo video yako haikukudanganya.

Na hawaalikwi kupamba ratiba. London iliwahi kutwaa ubingwa wa Ireland wa halingi, ule wa 1901, ambao fainali yake ilichelewa ikachezwa 1903, tena kwa kuifunga Cork. Mwaka 2013 timu yao ya mpira wa miguu iliitoa Sligo, ikaitoa Leitrim, ikafika fainali ya Connacht na kufungwa na Mayo. Kabla ya hapo walikuwa hawajashinda mechi ya Connacht tangu 1977. New York nao waliingia 1999 wakawa wanachapwa mwaka hadi mwaka. Aprili 2023 wakatoka sare na Leitrim hadi dakika za nyongeza, wakashinda kwa penalti, na Bronx nzima ya Kiairishi ikamiminika uwanjani. Miaka 24 ya kupanga uwanja, kupokea wageni kutoka uwanja wa ndege na kufungwa, halafu siku moja ile. Leitrim wenyewe ni kaunti ndogo iliyokonda kwa uhamiaji, na baadhi ya waliokuwa wakishangilia upande wa pili jioni ile walikuwa ndugu zao.

Maana klabu hizi zimefuata njaa na kazi tangu mwanzo. Mwaka 1888 GAA ilipeleka wanariadha na wachezaji wa halingi Marekani kuchangisha fedha. Fedha hazikupatikana, chama kikarudi na deni, na wachezaji wengi wakabaki huko huko kutafuta maisha. Chama chenyewe cha New York kilianzishwa 1914. Mwaka 1947, miaka mia moja tangu mwaka mbaya kuliko yote wa njaa kuu ya Ireland, fainali ya Ireland ilichezwa New York, kwenye uwanja wa besiboli wa Polo Grounds, na haijachezwa nje ya Ireland tena. Cavan waliifunga Kerry 2-11 kwa 2-7. Kile kichuguu anachosimama mrushaji wa besiboli hawakukiondoa, wachezaji wakawa wanakipanda na kukishuka katikati ya mechi. Nyumbani watu walisikiliza redioni, na laini ya simu ilikodiwa mpaka saa kumi na moja jioni tu. Sherehe za kufungua zikachelewesha mechi, muda ukakaribia kwisha kabla ya mpira, na mtangazaji Michael O'Hehir akawa anawaomba mafundi hewani wamwachie dakika tano zaidi. Walimwachia.

Tangu hapo ukitaka kujua hali ya uchumi wa Ireland, tazama klabu za nje. Miaka ya 1980 kazi zilipokosekana, Boston na New York zilifurika wachezaji. Uchumi ulipopaa mwishoni mwa miaka ya 1990, vijana wakarudi makwao na klabu nyingi za Marekani zikabaki kutafuta watu. Mwaka 2008 benki zikaanguka, na vijiji vya Mayo na Kerry vikaanza kukosa vijana wa kutosha timu moja huku Melbourne, Toronto na Dubai zikianzisha timu ya pili. Klabu ya kwanza Dubai, Dubai Celts, ilikuwepo tangu 1995. Leo kuna Jumeirah Gaels mji huo huo, klabu iitwayo Na Fianna kule Abu Dhabi, nyingine Sharjah na Ras Al Khaimah, na nje ya Emirati kuna Bahrain, Qatar, Kuwait, Saudia, na Clann na hOman kule Muscat.

Uliza wanashindania nini huko, na hapa ndipo mchezo wenyewe unabadilika umbo. Uwanja kamili wa Kigaeli una urefu wa mita 130 hadi 145 na upana wa 80 hadi 90, na timu ni watu 15 kila upande. Uwanja wa raga haufiki hapo, na watu 15 wa kuaminika hawapatikani. Kwa hiyo Ulaya wanacheza 11 kwa 11, na Asia na Ghuba 9 au hata 7. Hakuna ligi ya nyumbani na ugenini kama ulivyozoea. Unapanda basi au ndege, mnakusanyika timu zote mahali pamoja, mnacheza mechi fupi fupi tangu asubuhi hadi taa ziwashwe. Mechi moja inaweza kuwa na vipindi vya dakika nane hadi kumi. Inasikika kidogo mpaka uwe umecheza ya nne, saa nane mchana, mwezi Oktoba. Bara la Asia limekuwa na mashindano yake ya kila mwaka tangu 1996, yalipoanzia Manila. Bodi ya Ulaya ilianza 1999, na mabingwa wake wa klabu huenda Ireland kucheza na klabu za madaraja ya chini za jimbo la Leinster. Kuna pia michezo ya dunia: Abu Dhabi walikuwa wenyeji 2015, kisha ikawa Dublin 2016, Waterford 2019, Derry 2023. Kumbuka hiyo, nitairudia.

Nikueleze mchezo kwa macho ya mtu wa netiboli, kwa sababu kocha atakueleza kwa haraka, tena kwa lafudhi ya Donegal.

Goli lina umbo la herufi H, lina nyavu chini. Mpira ukipita juu ya mtambaa wa panya kati ya milingoti ni pointi moja. Ukiingia nyavuni ni goli, sawa na pointi tatu. Ndiyo maana matokeo yanaandikwa kwa namba mbili: 2-11 ni magoli mawili na pointi kumi na moja, jumla 17. Kerry na 2-7 yao walikuwa na 13. Kwa wanaume, tangu 2025, pointi inayopigwa kutoka nje ya nusu-duara la mita 40 inahesabiwa mbili, lakini hilo waachie wao. Ugenini mara nyingi mnatumia milingoti ya raga, ambayo ni myembamba zaidi kwa karibu mita moja na mtambaa wake uko juu kwa nusu mita. Pointi zinakuwa ngumu kidogo, goli linakuwa refu kwa kipa. Kipa mfupi hulalamika mpaka jioni.

Mpira ukiwa mkononi una hatua nne. Netiboli haikupi hata hizo, kwa hiyo miguu yako itafurahi. Baada ya hatua nne lazima ufanye kitu: uudundishe chini mara moja, au uuangushe kwenye ncha ya kiatu na kuurudisha mkononi, danadana moja huku unakimbia. Kudundisha mara mbili mfululizo ni kosa; danadana unaweza kurudia utakavyo. Ndiyo kazi itakayokutesa wiki za mwanzo. Watu huutupa mpira juu halafu wanaupiga teke, unaruka mita mbili mbele, beki anasema asante. Usiutupe. Uachie tu kutoka kiunoni, kidole gumba cha mguu kikiwa kimekunjwa kuelekea kwako, ili mpira urudi wenyewe kwa mzunguko wa nyuma. Fanya hivyo ukutani nyumbani, ukiwa umesimama, mguu wako dhaifu kwanza. Ukizoea wa kushoto, wa kulia haukusumbui tena.

Kupasiana kwa mkono si kurusha. Unaushika mpira kwa mkono mmoja na kuupiga kwa ngumi au kiganja cha mkono wa pili. Ukiurusha kama wa netiboli, kipyenga kinalia. Katika sheria za wanawake unaruhusiwa kuokota mpira chini moja kwa moja kwa mikono, jambo ambalo wanaume hawaruhusiwi, wao lazima wauinue kwa mguu. Mpira wenu ni mdogo kidogo, saizi 4. Na kugongana mwili kwa makusudi ni faulo, hata lile pigo la bega kwa bega ambalo wanaume hulitegemea. Mtu wa WD aliyefundishwa kumkaba mtu bila kumgusa, kusoma pasi na kuruka kwa wakati wake, ana mtaji ambao kocha hawezi kuufundisha kwa msimu mmoja. Wenzako waliokulia kwenye mchezo huu wana miguu kukushinda. Angani mko sawa.

Kazi yako inahitaji vidole, basi usidharau glovu. Jeraha la kila siku katika mchezo huu ni kidole kilichopigwa na mpira kwenye ncha, na hakuna kitu kibaya kama kutafuta mshipa wa mgonjwa ukiwa na kidole kilichovimba. Kinga ya meno ni lazima kwa sheria. Bila hiyo mwamuzi hakuingizi.

Umeniuliza pia utakaa wapi kwenye kundi. Hapa nitakuambia wazi. Ukienda utakuta klabu hii inafanya kazi zile zile zinazofanywa na chama cha watu wa nyumbani unachokijua: mtu akifika anatafutiwa chumba na kazi, akifiwa wanachanga nauli, sikukuu wanakula pamoja. Hilo ni zuri, lakini lina upande wake. Mazungumzo yao mengi yatahusu vijiji usivyovijua na mabinamu wa mabinamu. Na baada ya mechi wengi wao wanakwenda kwenye baa ya hoteli. Kunywa hawakulazimishi, na siku hizi wapo Waairishi wengi wasiokunywa, lakini ukiona hupendi kukaa mahali hapo, kunywa maji uwanjani, wapongeze, panda gari urudi kwako. Hakuna atakayekununia. Unayemkosa baa utampata mazoezini. Mavazi marefu chini ya kaptula si tatizo, wengi huvaa kwa sababu ya jua, na hijabu iwe ile ya michezo inayobana, isiyo na pini. Mwambie kocha mapema, na mwambie pia saa za swala na ratiba ya zamu zako, ili asikupange mechi ambayo hutakuwepo. Ramadhani waulize wanafanyaje. Nchi hizi zote hupunguza mambo mwezi huo.

Kama una wasiwasi kuwa utakuwa mgeni daima, watazame watu wa Bretagne, kule Ufaransa. Huko klabu za Rennes, Brest na nyinginezo zina Wafaransa karibu watupu. Mwairishi akitokea anashangiliwa kama mgeni. Galicia, kaskazini magharibi mwa Hispania, ni hivyo hivyo. Mimi naziona hizo kuwa na afya kuliko klabu nyingi za Ghuba, kwa sababu wachezaji wake hawaondoki Juni. Kule Ireland kwenyewe, Boidu Sayeh aliyezaliwa Liberia alichezea kaunti ya Westmeath. Zak Moradi, Mkurdi aliyezaliwa kwenye kambi ya wakimbizi Iraq na kufika Leitrim akiwa mtoto asiyewahi kuona kigongo cha halingi, alitwaa nacho kombe la halingi la Lory Meagher katika Croke Park mwaka 2019. Waliofungwa fainali hiyo walikuwa Lancashire, timu ya Uingereza. Ukipata muda ifikirie picha hiyo: Mkurdi anachezea kaunti ya Ireland, dhidi ya timu iliyotoka Uingereza.

Sisi Wakenya, kwa upande wetu, tuna deni dogo la kurudisha. Brother Colm O'Connell, mtu wa Mallow, kaunti ya Cork, alifika Iten 1976 kufundisha jiografia, akaishia kumlea David Rudisha. Mwairishi akikuuliza uwanjani unajua nini kuhusu Ireland, mtajie huyo, mazungumzo yataanza yenyewe.

Na ile michezo ya dunia niliyosema nitairudia: ina ngazi mbili. Moja ni ya timu zenye wazaliwa wa Ireland. Nyingine ni ya wasiozaliwa huko, yaani watu kama wewe, na timu za Mashariki ya Kati katika ngazi hiyo hutafutwa kwa taa, kwa kuwa wachezaji wengi wa Ghuba ni Waairishi watupu. Ukicheza msimu mmoja vizuri, jina lako litaingia kwenye orodha hiyo mapema kuliko la mwenzako aliyekualika. Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla hata hujavaa njumu, mwambie kocha ulizaliwa wapi na ulicheza WD. Halafu muulize nani anashughulikia timu ya wasio Waairishi ya Mashariki ya Kati, na uchukue namba yake.